Ng'ombe Wasiletwe

Ninyi mliorithi meza yangu mmeniomba niandike machache kuhusu ukarani wa wakili hapa Sumbawanga, hasa upande wa watu waliolemewa na madeni, kwa kuwa ndio wengi wanaokaa kwenye lile benchi. Nimekubali. Sitaandika nililipwa nini, maana hamtaamini, na watakaoamini wataacha kazi. Nitaandika yaliyonishtua. Watu hudhani karani mzee hashtuki tena. Mimi nimestaafu nikiwa bado nashtuka, na lililonishtua kuliko yote lilitokea nikiwa tayari nahesabu miezi ya kuondoka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta mlango. Sisemi mlango wa ofisi. Ulikuwa mlango wa mbao, una bawaba na komeo lake, umeegemezwa ukutani nyuma ya meza ya karani. Nilidhani fundi ameusahau. Mzee Gaudensi, karani niliyekuja kumpokea na ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, akaniambia ni wa mteja. Kulikuwa na mkopeshaji aliyepita na watu wake kung'oa milango ya wadaiwa, basi yule bwana aliwahi kuung'oa wake mwenyewe, akaubeba begani kutoka Pito mpaka kwa wakili.

"Na nyumba sasa inafungwa na nini?" nikauliza.

"Na gunia," Mzee Gaudensi akasema, akaendelea kugonga taipu.

Nilikosa usingizi nikifikiria baridi yetu ya Ufipa inavyopita kwenye gunia. Mlango ulikaa pale muda mrefu, mpaka nikawa natundika koti langu kwenye kitasa chake. Mwenyewe alipokuja kuuchukua alinikuta nimetundika, akasubiri kwa adabu nitoe koti.

Mzee Gaudensi hakumwuliza mdaiwa anadaiwa kiasi gani. Alisema kiasi cha kwanza anachotaja mtu huwa ni cha aibu, si cha kweli, na ukikiandika utakuja kukifuta. Aliuliza: "Nani mwingine anajua?" Mtu akijibu kwamba hakuna, Mzee Gaudensi alimtoa kwenye benchi akamletea kiti chenye egemeo, na chai, maana huyo alikuwa na safari ndefu ya kusema. Nimeitumia njia hiyo miaka yote na sijaona iliyo bora. Baada ya hapo ndipo unamwomba karatasi zote, hata ile aliyofungia chumvi, unamwambia asisaini kitu kipya, asikope huku ili alipe kule, na asimwandikishe shemeji yake nyumba kwa siri. Hiyo ya shemeji wataifanya hata ukiwaambia, kwa hiyo waambieni mara mbili.

Mfahamu pia kwamba mafaili mengi hayafiki mbali. Wakili Evarist, niliyemfanyia kazi mpaka mwisho, alianza kwa kumwandikia mkopeshaji barua fupi ya kuomba nakala ya leseni yake. Ajabu ni wakopeshaji wangapi walipata sauti laini baada ya barua hiyo. Waliobaki, ambao deni lao ni halali na maji yameshawafika shingoni, aliwaeleza habari ya kufilisika. Mtu anaomba mwenyewe Mahakama Kuu imtamke kuwa ameshindwa. Mali yake inakabidhiwa kwa msimamizi, inagawanywa kwa wote wanaomdai, na yeye anaachiwa vifaa vya kazi, nguo na matandiko. Baada ya hapo hakuna wa kuja kumgongea usiku wala kumng'olea mlango. Si dawa tamu. Wengi waliisikia, wakashukuru, wakaenda kukopa tena.

Kumpata wakili mwenyewe ilikuwa nusu ya kazi. Nje ya mahakama, kwenye vibanda vya fotokopi, walikaa vishoka, watu wanaojifanya mawakili, wakimvizia kila anayeshuka kwenye gari na bahasha mkononi. Mmoja tulimwita Bwana Koti kwa sababu ya koti lake la kijivu lililojaa kalamu mfukoni. Siku moja mama mmoja muuza nafaka aliingia ofisini akiwa amevaa shingoni kadi iliyopigwa plastiki, ina picha yake na maneno MUFILISI HALALI. Alikuwa ameinunua kwa Bwana Koti. Alimwonyesha mkopeshaji, mkopeshaji akacheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua mizani ya huyo mama akaondoka nayo. Niliigeuza ile kadi mbele na nyuma nikiwa nimepigwa na butwaa. Nyuma palikuwa na tarehe ya kuisha muda.

"Ameniambia nikihuisha mapema anapunguza bei," yule mama akasema.

Ndiyo maana nawahimiza mwambie kila anayepiga simu: wakili wa kweli ana ofisi, ana leseni ya mwaka huu ukutani, na anakata risiti. Msione aibu kurudia.

Sasa nije kwa Mzee Dismas. Alifika asubuhi ukungu ukiwa bado barabarani, mkulima wa mahindi na ulezi kutoka upande wa Msanzi. Alivua kofia, akampa mkono kila mtu kwenye benchi, akakaa ukingoni kabisa kama anayeogopa kuichosha mbao.

"Nani mwingine anajua, mzee?" nikamwuliza.

"Mke wangu anajua nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile ndogo."

Nikamletea kiti. Alikuwa amekopa kwa mkopeshaji mmoja wa mjini ili anunue mbolea, akaweka dhamana nyumba na shamba. Mahindi yakakubali. Ya kila mtu yakakubali, na bei ikalala. Akakopa kwingine alipe kule, kisha akakopa kwa majirani alipe kote kuwili. Duka la pembejeo lilimdai, na kikundi cha kuweka na kukopa cha pale kigangoni kwao, kwenye kanisa dogo anakosali, nacho kilimdai. Yule wa mjini alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi.

Wakili Evarist alimweleza njia ya kufilisika. Mzee alisikiliza yote, kisha akasema, "Kuna bwana mmoja wa koti pale fotokopi amenipa njia fupi."

Njia fupi ilikuwa hii. Binti yake wa mwisho, Skola, alikuwa ameposwa na Emanuel, mtoto wa Mzee Masanja. Masanja ni Msukuma aliyehamia na mifugo yake miaka mingi iliyopita akajenga jirani nao. Mahari ilikuwa ng'ombe, nao walikuwa waletwe kabla ya ndoa. Bwana Koti alimshauri Mzee Dismas aharakishe mambo. Ng'ombe wakiingia zizini, amwite mkopeshaji aje awaswage, deni liishe, nyumba ipone.

"Ukishaomba kufilisika," Wakili akasema, "ng'ombe wakiingia kwako ni mali yako, na mali yako ni ya wote wanaokudai. Ukimpa mmoja peke yake, mahakama inaweza kuwarudisha."

"Na nisipoomba?"

"Usipoomba unaweza kumpa. Utabaki na wengine wote, na binti atakuwa ameshaondoka."

Mzee aliishika kofia yake akawa anaizungusha. Nilimwonea huruma sana, maana nilijua njia fupi ingemwachia paa, na alijua hivyo pia.

"Basi tuombe," akasema mwisho. "Hiyo amri ya mahakama itajulikana vipi kwa watu?"

"Itatangazwa gazetini."

"Gazeti halifiki kwetu. Wanaonidai wanasali na mimi."

"Sheria inataka gazeti tu, mzee."

"Nimesikia," akasema, akavaa kofia.

Jumamosi nilikwenda kwao kuorodhesha mali, kwani ombi haliendi mahakamani bila orodha. Kazi hiyo ya kuorodhesha vyombo vya mtu mbele ya mkewe fanyeni mkiwa mmekaa chini, si mmesimama. Mama Skola alinionyesha kila kitu, sufuria, jembe la kukokotwa, kitanda. Aliuliza kama kuku wanaandikwa. Nikasema wanaandikwa. Akaenda kuwahesabu, akarudi akasema mmoja ni wa jirani na ana tabia ya kulala ugenini. Skola alinipikia, akaniuliza maswali mengi kuhusu ofisi yetu na hakuna hata moja kuhusu deni. Nililala kwao.

Jumapili tukaenda wote kigangoni. Padri hakuwa na zamu kwao siku hiyo, hivyo katekista ndiye aliyeongoza ibada. Mzee Masanja alikuwapo na Emanuel, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kwa sababu ndiyo siku ndoa ya watoto ilipotangazwa mara ya kwanza. Katekista akasoma majina mawili, akasema anayejua kizuizi chochote atoe taarifa. Watu wakatabasamu. Kisha akasema Mzee Dismas naye ana tangazo.

Mzee akaenda mbele na kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," tukaitika.

"Mimi Dismas nimeshindwa kulipa madeni. Naenda mahakamani kuomba nifilisiwe. Kila anayenidai apeleke jina lake kwa mama karani, yule pale." Akaninyooshea kidole, kanisa zima likageuka. "Na aliyekuwa na mpango wa kuniletea ng'ombe, wasiletwe. Wakiletwa hawatakuwa wangu wala wa binti yangu, watakwenda kwa wanaonidai. Nitarudia tangazo hili Jumapili mbili zijazo, sawasawa na utaratibu wa ndoa."

Akarudi kukaa. Miaka yote ile wateja waliniomba nifunge dirisha kabla hawajataja jina la anayewadai. Wapo waliopitia uani, mwingine alikuja amevaa miwani ya jua wakati mvua inanyesha. Sikuwahi kuona mtu akisimama mbele ya majirani, mke, binti na mkwe mtarajiwa, akajivua nguo kwa mdomo wake, tena akaahidi kurudia. Mama Skola, aliyekuwa anajua nusu ndogo, alisimama, akafunga kitenge chake upya, akakaa pale pale. Skola alikuwa kwenye kwaya. Kwaya ilitakiwa kuimba na hakuna aliyeanza.

Mzee Masanja aliinuka, akamshika Emanuel mkono, wakatoka bila kumtazama mtu. Kila mmoja alielewa kwamba ndoa imekwisha, na mimi nilielewa hivyo hivyo.

Nje watu walinipitia kwa mbali. Wachache walinipa majina. Mama mmoja aliyemkopesha debe la ulezi alisema niandike, akaenda, akarudi akasema nifute, akaenda, akarudi tena akasema niandike. Nyumbani hakuna aliyekula. Mama Skola alimwambia mumewe neno moja tu mbele yangu.

"Hiyo nusu nyingine ningeisikia jikoni ingekupunguzia nini?"

"Jikoni ungenizuia," Mzee Dismas akasema.

Mama Skola hakubisha, maana ilikuwa kweli. Nilirudi mjini jioni na uchungu moyoni, nikijiuliza kama sheria yetu hii imemsaidia yule mzee au imempa tu njia ya kujimaliza.

Jumatatu nilipofika kufungua ofisi nilimkuta Mzee Masanja amekaa kwenye ngazi, fimbo katikati ya magoti. Nilijua amekuja kuuliza namna ya kuvunja uchumba bila kudaiwa fidia. Nikajiandaa kumwambia wakili hayupo.

"Wewe ndiye unapokea majina?" akaniuliza.

"Ndiyo mzee. Unamdai Mzee Dismas?"

"Simdai. Na mimi nataka kutangazwa."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwingiza ndani, nikampa kiti, na chai nikaisahau kabisa. Alisema mifugo yake ilipungua, faini za malisho zikamwandama, akakopa mjini na kuweka dhamana ng'ombe wake wote. Wote, pamoja na wale wa mahari. Akamtaja mkopeshaji kwa jina. Alikuwa yule yule anayeshika nyumba ya Mzee Dismas.

"Sasa mzee, ungetoaje mahari kwa ng'ombe walioshikwa?"

"Ningewaficha," akasema taratibu. "Nilishauriwa kwamba mkopeshaji hawezi kuingia zizi la mkwe. Ng'ombe akishaitwa wa mahari, basi. Nilisema watakaa kwa Dismas, watazaa, watoto wetu watawaona."

Wakili Evarist alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake. "Nani alikushauri?" akauliza.

"Bwana mmoja wa koti, pale fotokopi."

Wakili alikuja akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akatueleza polepole, akiunganisha maneno ya wazee wale wawili. Bwana Koti alikuwa mtu wa yule mkopeshaji. Alimwambia Masanja awapeleke ng'ombe kwa Dismas, na akamwambia Dismas akiwapata amwite mkopeshaji. Mkopeshaji angewaswaga kutoka kwa Dismas na kuwahesabu kuwa malipo ya deni la Dismas. Kisha angemgeukia Masanja na polisi, aseme huyu ametorosha ng'ombe wa dhamana, alipe upya au aende jela. Masanja angetoa shamba. Ng'ombe wale wale wangemlipa mkopeshaji mara mbili, na harusi ndiyo ingekuwa barabara yao.

Nimeona milango, nimeona kadi ya plastiki, lakini hili liliyapita yote. Watu wawili walikuwa wamekaa kwenye kiti changu kile kile, kila mmoja na siri yake, na kwa ujirani wao wote hakuna aliyemwambia mwenzake. Tangazo la Dismas ndilo lililomzuia Masanja asiwaswage wale ng'ombe siku ya pili yake. Dismas mwenyewe hakujua alichozuia.

Aliingia muda si mrefu, akiwa amekuja kusaini ombi. Mkewe alikataa kufuatana naye, hivyo alikuja na Skola. Alipomwona Masanja alisimama mlangoni akashindwa kuendelea. Skola ndiye aliyesalimia.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Masanja akasema. Kisha akamgeukia Dismas. "Kaa. Nilitaka kukuletea ng'ombe wa watu."

Akamsimulia. Wakili akamalizia sehemu ya Bwana Koti. Mzee Dismas alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na ilipofika zamu yake akasema kitu ambacho hakumwambia hata mkewe, kwamba njia ile fupi aliifikiria siku nyingi, na kuna asubuhi aliamka akiwa ameshaamua kuifuata. Wazee wakabaki wametazama sakafu. Nadhani kila mmoja alikuwa anamshukuru mwenzake kimoyomoyo, na labda wangeshikana mikono yakaisha hapo.

Skola alikuwa bado amesimama.

"Hao ng'ombe walikuwa wa nani?" akauliza.

"Wa mkopeshaji," Masanja akajibu.

"Na baba angempa nani?"

Nikajibu mimi, "Huyo huyo."

"Kwa hiyo wangetoka kwake, wapite kwangu, warudi kwake." Alisema bila kupandisha sauti. "Na mimi ningekuwa nimeshaenda."

Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilishika kazi yoyote iliyokuwa karibu, nikaanza kupanga pini za karatasi. Katika kueleza kwetu kote, wakili, mimi na wazee wale, tulitaja nyumba, shamba, ng'ombe na jela. Jina lake halikutajwa na yeyote.

"Baba, tangazo lako endelea nalo Jumapili ijayo," Skola akasema. "Langu katekista asilisome. Atalisoma nikimwambia mimi."

"Na Emanuel?" Masanja akauliza.

"Emanuel anajua kwetu ni wapi. Aje mwenyewe, asiletwe na ng'ombe."

Mengine ni kazi ya kawaida. Mzee Dismas alitangaza mara zote tatu, ombi likaenda, nyumba na shamba vikauzwa, wanaomdai wakagawana, na sasa analima shamba la kukodi. Masanja aliuza ng'ombe kwa makubaliano ya maandishi, wakili akiwapo, akabakiwa na wachache. Bwana Koti alishitakiwa. Nilipoondoka kesi yake ilikuwa bado inatajwa na kuahirishwa, na yeye alikuwa ameshabadili koti.

Skola aliponipigia simu kuniambia Jumapili ile lingesomwa tangazo lake, nilikuwa nimeshakabidhi ofisi. Nikapanda gari nikaenda. Katekista akasoma majina mawili, Emanuel na Skolastika, akauliza kama kuna anayejua kizuizi. Wazee walikuwa wamekaa benchi moja, mikono mitupu mapajani, wasithubutu hata kukohoa. Skola aligeuka kwenye kwaya, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akasubiri mpaka aliporidhika kwamba safari hii hakuna anayeficha kitu. Ndipo akaanzisha wimbo.